Finjani ya Mzee Ghaith

Karatasi ya mechi ilibandikwa ubaoni, na jina la Theodora halikuwamo. Upande wa Klabu ya Al Khuwair paliandikwa Aflah na Rawan, kwa wino wa buluu, herufi zimekaa vizuri. Upande wa Klabu ya Mawaleh paliandikwa: Masouda na mwenzake. Mwenzake! Utadhani mtu alizaliwa bila jina, akaletwa Maskati ndani ya begi.

Aliyeandika ni Harub, nahodha wa Mawaleh, mtoto wa dada yake Bi Masouda. Si mtu mbaya Harub, ila kichwa chake kigumu kama kokwa la tende. Wiki ile alimwambia mama yake mkubwa waziwazi kwamba huyu mfanyakazi wa nyumbani anamwacha acheze fainali kwa sababu yeye Bi Masouda ameng'ang'ania. Wakishinda, jina lake litachongwa kwenye kombe sawa na la mwenziwe. Wakishindwa, nafasi ni ya Sinan, mchezaji mwingine wa klabu, na Theodora arudi kwenye dele, birika lake la kahawa. Theodora alikuwa jikoni wakati huo, anachambua mchele, akasikia kila neno. Aliendelea kuchambua. Lakini alilitaka jina lile lichongwe, alilitaka mpaka likamkosesha hamu ya kula.

Kroketi yenyewe hakuifuata yeye. Bi Masouda alipostaafu wizarani, mgongo ulimkamata, daktari akamwambia aache kukaa kutwa. Ndipo akaupata mchezo huu: unashika nyundo ya mbao yenye mpini mrefu, unagonga mpira juu ya nyasi, unaupitisha kwenye tao dogo la chuma lililochomekwa ardhini. Anayepita kwanza ana pointi, kisha wote wanahamia tao la pili, na anayetangulia kufika saba ndiye mshindi. Theodora alikwenda kubeba mkoba na kumimina kahawa, basi. Ila Bi Masouda alihitaji mtu wa kufanya naye mazoezi asubuhi, na asubuhi hapakuwa na mwingine. Sasa wewe niambie, mtu aliyepiga pasi kanzu miaka tisa bila mkunjo kwenda upande, nani wa kumfundisha mstari ulionyooka? Mwaka wa kwanza alimfunga Bi Masouda. Mwaka wa pili akamfunga Harub, na hilo ndilo lililomkwama Harub kooni.

Fainali ilikuwa Ijumaa moja ya Januari, baada ya swala ya alasiri, jua limepoa. Watu wa Al Khuwair walikuja na fulana zinazofanana na nyundo zao ndani ya mikoba ya ngozi. Wakadhani watamaliza mapema waende zao. Thubutu! Pointi kwa pointi, tao kwa tao, mpaka wakafika sita kwa sita. Likabaki tao moja tu, la kumi na tatu.

Zamu zilikwenda hivi: Masouda, kisha Aflah, kisha Theodora, kisha Rawan. Kila mmoja ana dakika moja, na dakika ikipita hujapiga, zamu yako imekwenda. Rawan alikwisha kuuegesha mpira wake wa njano hatua moja mbele ya tao, mahali ambapo hata mtu aliyefumba macho angeupitisha. Bi Masouda alijaribu kuugonga uondoke, mgongo ukamsaliti, mpira wake ukapita kando. Zamu ikawa ya Aflah, naye ni mtu wa kujivuta.

Hapo ndipo akaingia Mzee Ghaith, mwenyekiti wa Al Khuwair, na fimbo yake. Akaketi chini ya turubai. Mhudumu aliyekodiwa kwa siku hiyo alikuwa ndani anaongeza tende, na mgeni mkubwa amekaa mikono mitupu. Theodora akamwona. Wallahi hakuna aliyemtuma. Miguu ilikwenda yenyewe, nyundo ikalazwa kitini, dele likaja mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, kama afanyavyo kila siku ya Mungu.

Na kahawa ya huku ina adabu yake. Unamimina kidogo, mgeni anakunywa, unamwongeza, mpaka aitikise finjani mwenyewe. Kuitikisa ndiko kusema basi. Kumgeuzia mgongo kabla hajaitikisa ni kumvunjia heshima. Mzee Ghaith akanywa ya kwanza, akanyoosha mkono. Ya pili, akanyoosha. Huku anamsimulia jirani yake habari za samaki aliyemla kule pwani ya Yiti, samaki na pilipili zake na ndimu zake. Kama alifanya makusudi, anajua yeye na Mola wake.

Aflah akapiga, mpira wake usifike taoni. Mshika saa akatangaza kuwa zamu ni ya mpira mweusi, yaani wa Theodora, na dakika inahesabiwa.

Theodora alisikia vizuri. Finjani ilikuwa imenyooshwa mbele yake, imetulia tuli. Alimimina ya tatu. Alijikasirikia vibaya sana. Miaka miwili ya mazoezi, na sasa anapoteza kila kitu kwa kujipeleka mwenyewe kwenye dele! Harub alisimama akashika kichwa. Sekunde ishirini zikaenda.

Bi Masouda akaukata uwanja. Alikwenda polepole kwa sababu ya mgongo, lakini hakusita. Mwanamke aliyekuwa na makatibu watatu wizarani alifika mbele ya watu wote, akaushika mpini wa dele.

"Nipe mie," alisema. "Wageni hawa wangu. Wewe kapige."

"Mama, watu wanaangalia."

"Waache waangalie. Nna mikono miwili."

Mzee Ghaith alisahau samaki wake. Theodora aliichukua nyundo kitini, akakimbia mpaka kwenye mpira mweusi, na mshika saa alikuwa amefika arubaini na tano.

Harub alimwonyesha kwa mkono augonge wa njano uende mbali, jambo ambalo kanuni haimruhusu mtazamaji. Theodora hakumtazama. Kutoka pale pembeni, hatua saba, mpira wa njano haukuwa njiani. Ila tao lenyewe lilikuwa jembamba, limezidi mpira kwa unene wa sarafu tu. Aliuona mstari. Akavuta pumzi, akapiga.

Mpira mweusi uliteleza juu ya nyasi, ukagonga mguu wa tao, ukatetemeka, ukapita.

Bi Masouda hakuona, alikuwa ameinama anamimina. Alisikia chuma kikilia, kisha akasikia Mawaleh nzima ikipiga kelele. Mzee Ghaith akaitikisa finjani yake, akamrudishia kwa mikono miwili, akauliza yule aliyepiga ni nani.

"Theodora," akasema Bi Masouda, akijinyoosha mgongo wote. "Amejifunza kwangu, kisha akanifunga."

Harub akaja na karatasi na kalamu, macho chini. Kwa sauti ya mtu aliyekubali yaishe akamwomba jina lake kamili, la kwenda kuchonga. Theodora akamwambia: Theodora Kokushubila. Akamtajia herufi moja moja, akamsubiri aandike, akalikagua. Palipokosewa akamrudisha.

Kisha akaketi chini ya turubai, kwenye kiti cha wageni, jasho linamtoka, kifua kimemjaa. Bi Masouda alikuwa bado ana dele mkononi. Akammiminia. Theodora akanywa, akanyoosha finjani bila kuitikisa. Akamiminiwa tena, akanywa, akanyoosha. Bi Masouda alicheka, akamimina ya tatu mbele ya wageni wote, na Theodora akainywa taratibu mpaka tone la mwisho.

Ndipo akaitikisa.