Zamu ya Likizo ya Daktari Tveit

Katika chuo chetu cha udaktari pale Port Everell, ukingoni mwa Ziwa Superior, Marekani, mwalimu akishatimiza miaka sita kazini ana haki ya kuomba mwaka mmoja wa likizo ya utafiti. Hafundishi, haoni wagonjwa, na mshahara unaendelea. Ila idara yetu ni ndogo, kwa hiyo anaondoka mmoja tu kwa wakati, na waliobaki wanambebea kazi zake.

Mwaka ule zamu ilikuwa ya Solveig Tveit. Mimi ndiye niliyemwomba aniachie.

Solveig alikuwa daktari wa patholojia, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akikusanya vipande vya mapafu ya wachimba chuma wa kule kaskazini. Mchimbaji akifa kwa ugonjwa wa kifua, Solveig alikwenda nyumbani kwa mjane, akakaa naye jikoni, akaomba. Wengi walikubali. Vipande vya watu mia mbili na kumi na wawili vilikuwa ndani ya friza moja kubwa, na majina yao yote alikuwa ameyaandika kwa mkono. Alitaka kujua ni vumbi gani hasa linaloua, na kwa nini linamwua huyu na kumwacha yule. Kazi hiyo ilihitaji mwaka mzima wa kukaa nayo bila kuitwa darasani.

Mimi nilikuwa na kitabu cha anatomia nilichosema ninakiandika, na binti yangu kule Oregon alikuwa karibu kujifungua. Nilimweleza Solveig habari za kitabu. Za mjukuu sikuzitaja.

"Chukua wewe, Leland," aliniambia. "Watu wangu mimi wameshakufa, hawana haraka."

Nilikwenda. Niliporudi, mwalimu mmoja akaacha kazi, na Solveig akaombwa asubiri. Mwaka uliofuata wakaguzi walikuwa wanakuja na mtaala ulikuwa unabadilishwa, akaombwa tena. Hakugombana na mtu. Barua yake ya ruhusa ilitoka mwaka wa nne: likizo ingeanza tarehe mosi Julai.

Mwezi Mei jengo letu likafanyiwa ukarabati, na friza ikashushwa chini kwenye stoo. Fundi aliichomeka kwenye soketi iliyokuwa ikizimwa mwisho wa juma ili kubana matumizi ya umeme. Hakujua, na hakuna aliyemwambia. Ilikuwa ile Jumatatu ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani, kwa hiyo tulikuwa na siku tatu za mapumziko, na joto lilikuwa limeanza mapema.

Jumanne asubuhi nilimkuta Solveig amesimama mbele ya friza, mlango uko wazi, maji yamefika kwenye viatu vyake. Harufu ilikuwa imejaa korido nzima. Alikuwa akivitoa vichupa kimoja kimoja, anasoma jina, anakirudisha palepale. Nilimshika mkono ili aache. Aliutoa mkono wangu taratibu, akaendelea.

Alimwendea mkuu wa kitivo na kuomba likizo iahirishwe. Mkuu alimjibu kwamba mwalimu wa muda ameshaajiriwa, na kwamba likizo iliyoahirishwa mara tatu haiahirishwi mara ya nne, asipoitumia itafutwa. Basi Julai mosi Solveig akaanza mwaka wake, hana cha kufanya.

Wiki ya pili alinipigia simu. Alisema anakwenda kuwaambia wajane, na kwamba barua haitoshi, na akaniuliza kama ningemwendesha kwa gari.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Vida Zupan, mama wa miaka themanini na mitatu, mjane wa Frank. Alitukatia mkate wake wenye njugu za jozi, akatumiminia kahawa. Solveig alimweleza yote bila kupunguza neno.

"Kwa hiyo mapafu ya Frank mmeyatupa," alisema Vida.

"Yameharibika, Bi Vida. Ndiyo, baadaye yakatupwa."

"Padre alinishauri nimzike mzima. Wewe ukakaa hapo hapo ulipokaa, ukaniambia yatamsaidia mwanangu Tony. Tony ameanza kukohoa tangu Februari. Akirudi kutoka zamu mgodini, nimwambieje?"

Nikadakia, nikasema kosa ni langu, kwamba mwaka wa kwanza wa likizo ulikuwa wake na mimi nikauchukua. Vida alinigeukia kama vile ndiyo kwanza ameniona.

"Ukaenda wapi?"

"Oregon, mama. Nilikuwa naandika kitabu."

"Kimekwisha?"

"Bado. Nina sura mbili."

"Sura mbili," alisema. "Haya. Na sisi tutakohoa mpaka umalize ya tatu."

Hakutuongezea kahawa. Njiani Solveig alitazama nje tu, na tulipofika kwake alinishukuru, akasema nyumba zilizobaki atakwenda peke yake. Nilijidai kumbishia, lakini moyoni nilifurahi.

Alikwenda kweli. Majira yote ya baridi, barabara zikiwa barafu tupu, alizunguka kaskazini kwa gari lake. Ukihesabu na ya Vida, alifika nyumba ishirini na saba; wajane wengine walikuwa wameshakufa au wamehama. Wengine walilia, wengine walimfungia mlango, na mzee mmoja alimcheka. Alionana pia na Tony, akamsihi aache mgodi. Tony alimuuliza mjini kuna kazi gani nyingine.

Mwisho wa likizo mwalimu anatakiwa kuandika ripoti ya alichofanya. Yake ilikuwa na mstari mmoja: kwamba amewaambia watu ishirini na saba kilichotokea. Kamati iliirudisha, ikitaka orodha ya makala zilizochapishwa. Hakuijibu. Alifundisha muhula mmoja zaidi kisha akastaafu, akahamia kwa dada yake Dakota Kaskazini. Nilimwandikia mara mbili. Alinijibu mara moja, kwa kadi ya Krismasi iliyokuwa na jina lake tu.

Tony Zupan alifariki miaka miwili baadaye, katika hospitali yetu. Kijana aliyeshika nafasi ya Solveig alikuwa anataka kuanza upya ule mkusanyiko, na kwa kuwa niliwahi kufika kwa ile familia, aliniomba nizungumze na mama mtu. Nilimpigia Vida simu asubuhi ileile niliyoombwa. Nilijitambulisha, nikampa pole, nikaanza kueleza tunachoomba. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Hapana," alisema Vida, akakata simu.

Nilimwambia yule kijana kwamba familia haikukubali, naye akaandika hivyo kwenye faili.