Wimbo Uliotoka Kwenye Chuma

Mtaa mzima ulimwita fundi huyo wa redio Mama Solda, ingawa hakuwa na mtoto. Alichokuwa nacho ni redio za watu na mdogo wake. Redio zilipona. Mdogo wake, mpiga gitaa ambaye watu walimwita Vidole, alipona homa akabaki na masikio mabovu, maana sindano zilizomrudishia uhai ndizo zilizomchukulia usikivu. La kushoto lilikufa kabisa. La kulia lilibakiza kidogo: ukimsogelea na kupiga kelele, alikusikia, ukiongea kawaida, alikutazama mdomo na kubahatisha.

Bendi ilimsubiri, ikachoka, ikatafuta mwingine. Yeye akajifungia chumbani. Mama Solda, kwa huruma yake isiyo na akili, akamtungia uongo kwamba daktari amesema usikivu utarudi taratibu. Njia ya mwongo ni fupi. Vidole alikwenda kwa daktari mwenyewe, akaambiwa ukweli kwa kupigiwa kelele, na foleni nzima nje ikausikia. Hautarudi. Atakazosikia ni sauti nzito tu, tena ziwe kubwa.

"Basi nitakuundia amplifaya ya valvu," dada yake alimpigia kelele sikioni. "Kubwa, utaikalia kama kiti. Utalisikia gitaa lako."

"Nikilisikia hata mara moja, nitajua pa kuanzia," Vidole alijibu. "Nisipolisikia, dada, tusizungumze tena habari za gitaa. Wala za kesho."

Hayo maneno ya mwisho yalimkosesha Mama Solda usingizi. Alianza kazi kama mtu anayezima moto.

Valvu ni zile taa za kioo za redio za zamani. Zile za mwisho, zinazosukuma spika, huwa mbili, na kazi yao ni ya watu wawili waliobeba kabati ngazini: mmoja akitegea, mwenzake anavunjika mgongo. Jozi ya kwanza ilimtia aibu. Moja iliiva nyekundu kama kaa la moto huku ya pili ikizembea. Akamwaga sanduku zima la valvu kuukuu mezani, akazipima moja moja kuona ipi inakula umeme kiasi gani, hadi akapata mbili zinazolingana. Ikabaki transfoma, kile chuma kizito kinachokaa kati ya valvu na spika. Isipooana na valvu zake, sauti hutoka imekonda. Alifungua nne akazitupa pembeni. Ya tano aliing'oa kwenye mashine ya sinema iliyokufa kabla yeye hajaanza kazi, nayo ilikubali kana kwamba ilikuwa inazingoja valvu hizo. Nyingine ya namna ile hakujua ataipata wapi.

Sasa, amplifaya ya namna hii haiwashwi bila spika. Nguvu ikikosa pa kwenda huirudia transfoma na kuila kutoka ndani. Kila fundi analijua hilo, na Mama Solda aliwahi kuwatolea uvivu mafundi wenzake kwa kosa hilohilo, tena mbele ya wateja.

Siku ya kuijaribu, mashine ilikuwa inanguruma, maana valvu zilikuwa hazijatulia. Vidole alikuwa amelala chumba cha ndani. Mama Solda hakutaka sauti ya kwanza itakayomfikia mdogo wake iwe mngurumo. Akachomoa nyaya za spika ili apime valvu kwa utulivu, dakika chache tu. Gitaa halijachomekwa, alijisemea. Pasipo gitaa hakuna madhara. Aliziacha zipate moto. Mara mvua ikaanza, na shuka za Vidole zilikuwa kambani kule chini. Akashuka kuzianua.

Alikuwa anapanda ngazi na shuka mikononi aliposikia muziki. Ulikuwa mwembamba, kama redio iliyofunikwa blanketi, lakini vidole alivitambua vyenyewe: ile namna ya kuchelewesha nyuzi nzito kisha kuzikimbiza. Hakuwa ameisikia tangu homa. Akasimama palepale, akacheka peke yake, na machozi yakamtoka.

Kisha akakumbuka nyaya. Muziki ulikuwa unatoka wapi? Transfoma iliyonyimwa spika hutetemeka na kuimba yenyewe kwa sauti ndogo kabla ya kufa.

Akatupa shuka, akakimbia. Kumbe Vidole alikuwa ameamka na kuchomeka gitaa; alikuwa amekaa juu ya sanduku la spika, macho kayafumba, sikio la kulia kaliinamisha kwenye spika, akipiga kwa nguvu zake zote. Sauti alikuwa ameifungua hadi mwisho. Swichi ilikuwa karibu, na hata mwanafunzi wa wiki moja angeizima. Lakini mikono ya Mama Solda iliona nyaya zinaning'inia nyuma ya spika ikaenda kwenye nyaya. Akabana wa kwanza. Alipobana wa pili, kitu kililia pa, moshi ukatoka.

Vidole alifumbua macho kwa sababu ya harufu.

"Sikusikia kitu," alisema.

"Spika haikuwa imeunganishwa!" dada yake alimpigia kelele sikioni. "Nilizichomoa nyaya mimi!"

Vidole akaitazama spika. Nyaya zote mbili zilikuwa mahali pake, zimebanwa vizuri kabisa. Akamtazama dada yake kama mtu anavyomtazama mzazi anayesema ameshiba ili watoto wale.

"Kama ile habari ya daktari," alisema kwa upole. "Asante, dada. Umehangaika sana."

Mama Solda akachomoa nyaya, akazirudisha, akazichomoa tena kumwonyesha. Haikuthibitisha lolote. Akamwambia atasuka transfoma nyingine kwa mkono wake mwenyewe. Vidole akatikisa kichwa.

"Niambie jambo moja tu. Nilipokuwa napiga, wewe ulinisikia?"

Alikuwa amesikia kila kitu. Hakuna jambo alilotamani zaidi kumwambia kuliko hilo, kwamba vidole vyake vizima, kwamba alicheka ngazini. Lakini akisema alisikia, mdogo wake ataamini kwamba mashine ilikuwa inaongea na kilichokufa ni masikio yake. Na transfoma ya kumthibitishia vingine ilikuwa inafuka moshi.

"Sikusikia," alisema, bila kupiga kelele.

Vidole aliusoma mdomo wake. Kisha akayasoma macho, ambayo yalikuwa bado mabichi kwa furaha ya kule ngazini.

"Ulisikia," alisema.

Hakuwa amekosea. Akaliweka gitaa mapajani, akaanza kulegeza nyuzi, mmoja baada ya mwingine, na dada yake akabaki amepiga magoti pale chini akitafuta neno la kweli ambalo lingemfaa.