Mkono wa Usukani wa Papa Evariste

…bado ni mnene hapa mahali pa kushikia, kidogo tu, ningeweza kumwambia umekwisha, chukua, nenda nyumbani, lakini kiganja chake ni kidogo kuliko changu na mimi sijawahi kumpa mtu kitu kibaya kutoka karakana hii, haya, fundi mwaminifu, jisifu kidogo, napitisha randa tena, polepole, mti wa libuyu unamwaga maganda mekundu juu ya miguu yangu, na yeye Papa Evariste amekaa pale juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ambayo bado haina magurudumu, kofia magotini, anajifunza maneno ya kesho, anayasema kwa sauti kama anayejiandaa kwa komunyo ya kwanza, "Shemeji Ndagijimana, na nyinyi bote ba famille, nasimama mbele yenu…" anakatika, anakohoa, anaanza tena, na mimi najifanya sisikii kwa sababu ya randa, ndiyo maana naipitisha hata pale pasipohitaji, mti huu nitaumaliza wote uwe kijiti cha kuchokolea meno na bado atakuwa anaongea. Kesho wanaondoa kilio cha Léoncie, mke wake, siku arobaini zimetimia tangu tulipomzika Minova, misa kwanza, halafu watu wote nyumbani kwa Ndagijimana, kaka mkubwa wa Léoncie, hapahapa Murara, nyumba tatu kutoka kwangu, viti nimeviona vikipita tangu asubuhi, na Evariste atasimama katikati ya viti hivyo awaombe wakwe zake msamaha kwa kumwua dada yao. Ndivyo anavyosema, kumwua. "Juu ni miye nilimuua, Habarurema," ameniambia alipoingia, hata hajakaa, "ile mukono ya usukani ilikuwa inaoza na sikuibadirisha." Na mimi nikajibu nini, nikajibu karibu, Papa Evariste, ikala, nikamwonyesha pa kukaa, kazi yako inakaribia kwisha, hayo ndiyo yaliyonitoka, kazi yako inakaribia kwisha, kama vile amekuja kuuliza habari za kitanda.

Mkono ule haukuoza. Hapakuwa na mahali hata pa kuingiza ukucha, ulikuwa mti mzuri, mzungu wa mashamba ya kahawa aliuleta zamani pamoja na mashua yenyewe, mashua ndogo ya tanga moja, akamwachia baba yake Evariste aliyekuwa mlinzi wake, na wakati wengine wanapiga kasia ama wananunua mota Evariste alikuwa anavuka ziwa kwa kitambaa, maharagwe kutoka Minova, makabichi, yeye mbele kwenye kamba za tanga na Léoncie nyuma anaongoza, na watu wa Lac Vert, pale ufukweni anapofunga mashua, walicheka, tangu lini mwanamke anaongoza mashua, nilicheka na mimi, nani hakucheka… "nilijua ile muti inazeeka, shemeji, na sikufanya kitu," anasema, halafu ananigeukia, "Habarurema, niseme nilisahau, ao niseme nilizarau?" na mimi, randa ikwame, Mungu wangu, ikwame, nasema ngoja kidogo Papa Evariste, hapa kuna fundo. Hakuna fundo. Ameomba msumari wangu muda mfupi uliopita atoboe tundu jipya kwenye mkanda wake, la tatu, suruali inamwanguka, mtu aliyekuwa na shingo nene namna ile, na nikampa msumari, nikampa na nyundo, mimi ni mtu wa kusaidia. Siku mji wetu ulipochukuliwa na waasi nilifika Lac Vert nikisukuma chukudu, barabara ya Sake imejaa watu na magodoro, risasi nyuma yetu, mke wangu na watoto wametangulia, tangu Julai nilipokimbia Kalengera nilikuwa sijalala mahali pamoja hata miezi miwili, na mashua ilikuwa imeshajaa, Evariste akasema imejaa, ndugu, tutazama, ni Léoncie aliyesema "ni mutu wa kwetu Kalengera, hatutamuacha hapa," akasogea, akanipa nusu ya mahali pake, pale nyuma, karibu na huo mti, chukudu yangu ikabaki kwenye mawe na mimi nikawa mtu wa tisa. Na nilimfanyia nini kwa nusu hiyo ya mahali. Upepo ulipoanza nikamwambia toka hapo, mama, nipe mimi, upepo huu si wa wanawake, nilisema hivyo, kwa mdomo huu, hatujaenda hata nusu saa, na hakubishana, tulikuwa tunakimbia vita, watu wanalia, hakuwa na nafasi ya kubishana na mjinga, akaniachia, na Evariste akatazama nyuma akafikiri ninamsaidia mke wake, hata leo ananishukuru kwa hilo, "aksanti ulikamata mahali yake, alikuwa amechoka," hakuwa amechoka, alikuwa anaendesha vizuri kuliko padri anavyoendesha misa. Kabla ya kushika randa, miaka kumi na tano nimeshuka na chukudu kutoka Kibumba, magunia sita ya viazi, mvua, lori mbele, lori nyuma, sijaanguka, basi kipande cha mti nyuma ya mashua ni kitu gani, nilijiambia, ni chukudu bila magurudumu. Halafu yale mawe meusi ya volkano kwenye ncha ya ufuko, tanga limejikunja, Evariste amefunikwa nalo anapigana na kamba, anapaza sauti "Kushoto! Tuende kushoto!" na mimi nikaupeleka mti kushoto, mkono ukienda kushoto chukudu inakwenda kushoto, hata mlevi anajua, na mashua ikaenda kulia, kwenye mawe, nikauvuta zaidi kushoto, ikazidi kwenda kulia…

Na yeye aliniambia. Hili sijalisema hata ndani ya kichwa changu mpaka mwisho, leo ni mara ya kwanza linapita lote, Léoncie alikuwa bega kwa bega na mimi, hakupiga kelele hata, alisema "Habarurema, sukuma upande ingine, yeye anaendaka kinyume," nilisikia, nilisikia kila neno, upepo haukuchukua hata moja, na nilijua pale pale kwamba anasema kweli, niliijua mikononi, ila nilikuwa nimeshamtoa mahali pake mbele ya watu wote na sasa nifanye anavyosema, mbele ya watu walewale, basi nikavuta upande wangu kwa nguvu zote za Kibumba mpaka mti ukalia ukakatika. Wanane tulisimama, maji kifuani, tukafika kwenye mawe. Yeye kichwa chake kiliyakuta mawe kwanza. Na Evariste amemlaza pajani, anauliza tu, bila hasira, "imekuwa nini, imekuwa nini," mdomo wangu ukajibu kabla sijauambia kitu, mti umeoza, Papa Evariste, umenivunjikia mkononi, na kipande kilichobaki kwenye usukani nikakichomoa mwenyewe asikione, nikakibeba ndani ya shati mpaka Minova, na asubuhi, pale shuleni tulipolala wakimbizi, nikakiweka chini ya sufuria ya maharagwe, kikawaka saa nzima, moto safi, mti uliooza hauwaki hivyo, na Evariste akaja akanyoosha mikono yake aote moto. Aliota moto ule. Nilisogea nimpishe… "alikuwa ananiambiaka kila siku ya Mungu," anasema sasa, polepole, hajifunzi tena, anajiambia tu, "Evariste, badirisha ile mukono, Evariste, tutakufa na hii mukono, nafikiri aliniambiaka vile," na nataka kuruka nimfunge mdomo, hakukuambia hata siku moja, aliupaka mawese kwa kitambaa chake mwenyewe, niliona kwa macho yangu, aliupenda, uongo wangu umeingia kichwani mwake na sasa unazaa humo, unamletea sauti ya mke wake inayomlaumu, na kesho atamwambia hivyo Ndagijimana, ambaye ameshasema mtu asiyeweza kuangalia mashua hataangalia watoto, kwamba wale wasichana wawili wa Léoncie watalelewa kwake, na Evariste hatakataa, ataona ni haki, atawapeleka mwenyewe kwa mkono. Na mimi nitakuwa nimekaa kwenye kiti kimoja kati ya vile viti, na soda. Naona aibu, naona aibu mpaka kwenye meno, najua watanifanya nini, kaka zake Léoncie ni watu wa kilima chetu, mama yangu anachota maji pamoja na mama yao, hatapata wa kuitikia salamu yake tena, na mimi nani ataniletea hata chukudu ya kutengeneza, na Léoncie harudi, nikisema harudi, nimejiambia hivyo siku arobaini na limekuwa jambo la kweli kila siku na halijanisaidia siku hata moja.

"Lete nijaribu," anasema, anasimama, anashika suruali kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anaushika mti ukiwa bado kwenye meza yangu, anafumba macho, anausukuma kulia taratibu, mwili wake wote unainama kwenda kushoto, hafikirii, mtu anayejua hafikirii, anasema muzuri, Habarurema, unaenea kabisa mu mukono, Mungu akubariki, na hujanijibu, nilisahau ao nilizarau, na kabla hajafungua macho nasikia sauti yangu, si kubwa, sauti ya mtu anayeuliza msumeno uko wapi, "Papa Evariste, kesho usisimame, nitasimama miye," na anafungua macho na uso wake, tangu Minova sijauona ukiwa hivi, unalegea, "Utanisemea? Ndugu yangu, nilikuwa naogopa kukuomba," maana inaruhusiwa, mtu mwenye uchungu anaweza kumpa mwingine amsemee mbele ya wakwe, ndivyo anavyoelewa, atanishukuru tena, ameshaanza, ameshika mkono wangu wenye vumbi la mbao kwa mikono yake miwili na suruali inashuka na hajali, na ningeweza kuacha hapo, ingetosha, ningesimama kesho niseme maneno yake kwa sauti nzuri na watu wangesema tazama rafiki, ningeweza, na nataka, bado nataka, na ninautoa mkono wangu kutoka kwenye mikono yake, "hapana, Papa Evariste, siyo ya kwako, nitasema ya kwangu," nasema, "ikala kwanza."