Jina Ambalo Kuno Hakuliimba

Magdaline alikuwa amefundisha muziki Isiolo miaka ishirini na mitatu, na mtu akikosea noti mbele yake alikunja uso kama aliyeuma changarawe kwenye githeri. Ndiyo maana walimwita awe jaji. Vikundi sita vya kaunti vilikuwa vimepewa opera moja, maneno yaleyale na muziki uleule, kila kimoja kiiigize kwake na kuirekodi kwa filamu. Mwimbaji bora angepelekwa Nairobi kusomea uimbaji miaka miwili, asilipe chochote.

Filamu ya kikundi cha Gotu ilimkosesha raha. Kuno, mwanamke wa miaka ishirini na minne, aliimba sehemu ya mjane kwa sauti ambayo Magdaline hakuwahi kuisikia darasani kwake, na tuseme ukweli, wivu kidogo ulimshika. Kisha mwishoni kabisa, pale mjane anapomlilia mumewe kwa jina, Jaldesa, mara tatu, kwenye noti ya juu kuliko zote, Kuno akafunga mdomo na kujifunika uso kwa shuka. Wanawake wa kwaya wakaliimba jina wao, na kamera ikashuka miguuni. Magdaline hakuwa na huruma. Aliandika kwamba mwimbaji ameikwepa noti, kwamba ameuvunja uigizaji wake mwenyewe, na kwamba mwelekezi hajui kamera inafaa kutazama wapi.

Lakini roho ilimsuta. Mtu mwenye sauti ile angeshindwaje na noti moja? Akamwomba Gikonyo, mwenyekiti wa majaji, wamwite Kuno mjini aimbe kipande hicho mbele yao. Gikonyo, ambaye kanuni kwake ni kama chakula, alipekua kitabu chake, akakuta inaruhusiwa, akakubali. Magdaline alirudi nyumbani siku hiyo akijiona mwema sana.

Kuno alifika Jumanne asubuhi akiwa na mzee mwembamba mwenye fimbo, baba wa mumewe. Mzee huyu ndiye aliyewanyamazisha ndugu zake waliosema mke wa mtu haendi kusoma Nairobi. Waliingia uani wakiongea, mzee akimwita mama na kumtania kwamba akifika huko asije akaanza kula samaki, ambao kwao hawaliwi, na Kuno akicheka. Mzee akaketi kwenye benchi nje ya ukumbi, chini ya dirisha lililokuwa wazi.

Ndani, Magdaline alimweleza Kuno kwa upole kwamba noti ile haitishi, apumue tu vizuri kwanza. Kuno alitazama dirisha.

"Mwalimu, noti si shida," alisema kwa sauti ya chini. "Hiyo jina ni ya baba mkwe. Kwetu Borana, bibi hawezi kutaja jina ya baba ya bwana yake. Wale wamama waliniimbia, na mtu wa kamera akaangalia chini juu ya heshima."

Uso wa Magdaline ulimchoma. Makosa yote aliyokuwa ameyaandika yalikuwa heshima tupu. Alipaswa kusema hapohapo kwamba aliyekosea ni yeye, na kwamba filamu inatosha. Lakini fomu zilikuwa mezani na sahihi yake chini, Gikonyo alikuwa akimtazama, na yeye hakuwa amezoea kukosea mbele ya watu. Alinyamaza, na alijua wakati uleule kwamba ananyamaza kwa woga.

Gikonyo akasema anaelewa, ila kanuni zinataka maneno yaimbwe yalivyoandikwa, na vikundi vingine vimeyaimba hivyo. Kuno asipoimba, nafasi ni ya mwingine. Akamuuliza Magdaline kama ana la kuongeza. Magdaline akasema hana.

Kuno alishika pindo la shuka. Kisha akaimba. Aliliimba lile jina mara tatu, na noti ya juu ikatoka safi, ikajaa ukumbini na kupita dirishani. Magdaline alimwandikia alama zote.

Walipotoka, mzee alikuwa amesimama akiangalia ukuta. Magdaline alimwambia kwamba Kuno amepata nafasi ya Nairobi. Mzee akamshukuru kwa adabu. Kuno alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, ameinamisha kichwa.

"Mwalimu," mzee alisema, bila kugeuka, "mwambie ameimba vizuri."