Matanga ya Elena

Kache alijifunza kusoma akiwa tayari na wajukuu. Mchana alifagia zahanati moja ya mtaa wa Ndia Kuu, jioni akaenda masomo ya ngumbaru, na kila alipofungua kitabu alifanya kwanza ishara ya msalaba, kama anayepiga hodi. Vitabu alivyovijua vilikuwa vya maisha ya watakatifu, vijitabu vyembamba alivyopewa na masista.

Riwaya alizijulia kwa Swabaha, mshona kofia wa Kibokoni, ambaye Kache hupumzisha miguu barazani kwake akitoka kazini. Wakaanza kuazimana. Kache alimpelekea kijitabu cha mtakatifu fundi viatu, aliyewavisha maskini huku mwenyewe akitembea pekupeku. Swabaha naye akampa riwaya ya kale iliyotafsiriwa, jalada limebanduka, ya Elena muuza mikate, aliyemngoja mumewe arudi kutoka vitani mpaka kifua kikamuua.

"Itakuliza," akamwonya.

Ikamliza kweli. Wiki ile jumuiya ya kanisa ilikutana nyumbani kwa Kache, Buxton, na wakati wa maombi kila mtu akamtaja wake: huyu mgonjwa, yule mwana asiye na kazi. Kache akamwombea marehemu Elena, aliyefariki kwa kifua na hana mtu. Wote wakaitikia kwa huzuni. Sala zilipokwisha, mwenyekiti wao, Mama Wanza, akamshika mkono akampa pole na kumuuliza matanga yako wapi. Mwenzao hawezi kufiwa nao wakakaa tu. Kesho akina mama watapeleka unga na sukari.

Ikabidi Kache aseme kwamba Elena yumo kitabuni. Cha watakatifu? La, cha hadithi.

Dancan wa reli akafunika uso kwa kofia, mabega yakimtikisika. "Mama Kache," akasema, "na yule fisi wa hadithi za nyanya, naye tumwombee?"

Wakacheka wote, wala si kwa ubaya. Lakini Kache aliumia. Siku zote aliamini kwamba kilichopigwa chapa kilitokea. Sasa alijiona si msomaji, ila mtu mzima anayetamka herufi. Akakata shauri kurudisha kitabu na asichukue kingine. Akaona uchungu pia, kwani bila vitabu atakwenda kukaa pale barazani kwa sababu gani?

Alipofika Kibokoni hakuketi. Alitoa masalkheri, akanyoosha kitabu, akaeleza yote akiwa wima. Swabaha aliuma mdomo, akajizuia, kisha akacheka hata kofia aliyokuwa akishona ikamwanguka.

"Kaa, shoga," akasema akifuta macho. "Mimi nilikisoma ni bi harusi. Siku nzima sikumsemeza mume wangu. Akiniuliza kosa lake namwambia, nyinyi waume mkenda vitani hamrudi. Naye maskini ni karani wa forodha."

Kache alitaka kubaki na huzuni yake, ikamshinda, akacheka. Kisha akasema polepole, "Lakini nimemwombea mtu asiyekuwako."

"Wangapi wamekufa kama yeye, hawana wa kuwataja? Mungu anajua dua yako aipeleke kwa nani."

Kache akawakumbuka wanawake wanaokohoa kwenye benchi la zahanati, ambao kila siku yeye hupitisha ufagio miguuni mwao wala hawaulizi majina. Kesho atawauliza. Akaketi.

Swabaha aliingia ndani akatoka na riwaya nyingine, nene kuliko ya kwanza. Kache akaitazama bila kuigusa.

"Humu anakufa nani?"

"Hafi mtu. Ila kuna mbuzi."

"Mbuzi anafanywaje?"

"Soma mwenyewe. Na mimi niletee mtakatifu mwingine, yule fundi viatu nimempenda sana, mpaka walipomkata kichwa. Huyu wa pili awe amekufa kitandani, na watu wake wamemzunguka."

Kache akaichukua ile riwaya, akaiweka mapajani, akawapitia watakatifu wake mmoja mmoja kichwani.

"Nitakutafutia," akasema. "Ila si wengi."