Mkono wa Mwenye Kondoo

...na mikono yote ilikuwa juu isipokuwa wake, wake ulikuwa mapajani, mzito kama si wake, na mbele ya ukumbi shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe na mwenyekiti wa mfereji, alikuwa anazungusha ufunguo wa lango la maji kidoleni, anasubiri, kanuni ni kanuni, alisema, mifugo haiingii mashamba ya mfereji, asiyeitoa anatolewa yeye kwenye zamu ya maji... zamu, kana kwamba hajui zamu ni nini, yeye aliyelala kwenye tuta na jembe akilinda zamu mwaka ule maji ya mfereji yalipokatika mahindi yakianza kubeba, yakajikunja yote, mumewe akakaa mlangoni akiyatazama, na msimu uliofuata, akiwa mjane tayari, akaamua nusu ya shamba haitaonja mfereji tena, akapanda mtama na kunde kwa mvua tu, akavuna, akaingiza kondoo wayale mabua, wanye humo humo, watu wakacheka, mjane kaolewa na kondoo, mwacheni... jirani yake wa shamba la nyanya akamgusa kwa kiwiko, inua bwana tukapike, mkono haulipi nauli, na kweli angeuinua, akubali kuwatoa kondoo, yangeisha, maana bila zamu nusu nyingine, ya mboga, inakufa, na mboga ndiyo nyumba, ndiyo sufuria, watoto hawali ubishi...

“Zamu mbili hukuchukua ufunguo kufungua lango, shemeji,” akasema mwenyekiti. “Shamba umelitelekeza.”

...kulitelekeza, hakufungua kwa sababu hata kwenye mboga, alikomwaga samadi ya kondoo na kufunika kwa mabua, alichomeka kidole akakuta unyevu, sasa afungue amwagilie nini, na maji yale hayakupaa mbinguni, yalishuka kwa huyu huyu wa nyanya, yakafika kwenye vitunguu vya shemeji kule mwisho wa mfereji, mbona hakuuliza yametoka wapi, ndiyo, kondoo dume alitoroka siku moja akala vitunguu hivyo, yeye mwenyewe akaomba radhi, akalipa, lakini mtu anaweza kusamehe kwa mdomo akabaki na kitunguu moyoni... na akiuinua mkono, kondoo waondoke, ardhi ile irudi kuwa kavu kama tofali, itadai maji, na yeye atayadai, shamba zima, kila zamu, mpaka tone la mwisho, na mikono yote hii iliyo juu itashuka kushika majembe kwenye mfereji mtupu, wanapigia kura kiu yao wenyewe, wanataka na yeye awasaidie, hapana, shemeji azungushe ufunguo mpaka kidole kichubuke, akimfungia lango yeye atabeba maji ya mboga kichwani kutoka kisimani, apite nayo mbele ya mlango wa shemeji, asubuhi na jioni, amsalimie vizuri, shikamoo hapati...

“Tunakusubiri, shemeji.”

...wasubiri, mikono ilikuwa bado juu, mingine imeanza kulegea kwa kuchoka, ufunguo unazunguka, na wake ulikuwa mapajani, palepale, ila sasa alikuwa ameuweka yeye.