Hundi ya Bwana Lo

Hundi ya Lo ilirudishwa na benki Jumatatu asubuhi, na sarafu zetu alikuwa ameondoka nazo tangu Ijumaa.

Duka letu lilikuwa kibanda cha kioo kwenye jengo la maduka ya simu, mtaa wa Mong Kok. Upande mmoja mimi nilitengeneza simu, upande wa pili Yuen Kam-fai, tuliyemwita Fai, aliuza sarafu za mtandaoni. Ukutani alibandika karatasi: NOTI TU. Sababu aliijua. Sarafu ukishaituma huwezi kuirudisha, lakini malipo ya benki yanaweza kufutwa.

Ijumaa hiyo Fai alikuwa na haraka. Mama yake alifariki mwezi wa pili, na mtungi wa majivu yake ulikuwa bado kwenye rafu ya duka la mazishi. Watawa wa hekalu la Sha Tin walimshikia nafasi kwenye ukuta wao wa kuhifadhia majivu, kando ya majivu ya baba yake, kwa dola laki mbili na elfu arobaini. Mwisho wa kulipa ulikuwa Jumanne, na pesa yake yote ilikuwa kwenye sarafu.

Lo alikuwa mteja mpole. Alikuwa akinunua kidogo kidogo, kwa noti, na kila akija alituletea chai ya maziwa. Safari hii alitaka sarafu zote tulizokuwa nazo. Akapiga simu kusema pesa ameshaiweka kwenye akaunti.

Fai akanisogezea simu yake. "Tazama, Kaka Mok. Laki tatu na kumi."

"Kaweka noti au hundi?"

"Kaweka pesa."

"Muulize."

"Nimuulize kama nani, mama mkwe wake? Si hiyo hapo unaiona?"

"Hundi ukiitumbukiza kwenye mashine huonekana kabla haijapita. Ngoja Jumatatu."

"Na bei ikianguka Jumapili, utanifidia wewe? Endelea na vioo vyako. Mama kachoka kukaa rafuni, na unajua domo lake."

Tukacheka wote wawili, maana domo lake nililijua. Fai akabonyeza, sarafu zikaenda.

Jumatatu msichana wa benki alimwambia hundi ile haikuwa na pesa.

"Lakini niliiona kwenye akaunti," Fai akasema.

"Uliona imewekwa, bwana. Haikuwa imelipwa."

Simu ya Lo haikupatikana. Polisi waliandika maelezo, wakatuambia tusubiri.

Jioni dada yake Fai, Sau-lin, alifika dukani na mfuko wa machungwa ya kuweka mbele ya majivu ya mama.

"Kesho tunakwenda saa ngapi?"

"Hatuendi, dada."

"Watawa wamebadilisha siku?"

Fai akamweleza. Sau-lin alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaitazama karatasi ukutani.

"Hii ulimbandikia nani?"

Sau-lin akaondoka na machungwa yake.

Jumatano watawa waliiuza nafasi ile kwa familia nyingine. Kibanda tulikirudisha kwa mwenyewe mwisho wa mwezi. Mimi natengeneza simu kwenye ngazi za jengo lilelile, Fai anabeba mizigo sokoni.

Zilipotea dola laki tatu na kumi. Elfu sabini zilikuwa zangu. Laki mbili na arobaini zilikuwa za mama. Rafu ya duka la mazishi ni dola mia tatu kwa mwezi, na Fai anailipia mpaka leo.